Umeachiwa saa ya mzee? Jinsi ya kujua kipi orijino na kipi kimeungwaungwa

Mtu akirithi saa ya mkono ya zamani swali lake la kwanza huwa "hii orijino au feki?" na hapo ndo anapopotea, maana saa ya miaka 40 au 50 mara nyingi haiwi feki na wala haiwi orijino yote. Unakuta mashine ni ya kiwandani kabisa, uso umepakwa rangi upya, mishale imetoka kwenye saa ya mtu mwingine, mkanda ni wa Kichina na kioo fundi kaweka juzi juzi tu. Kwa hiyo usiihukumu saa nzima kwa mkupuo. Chukua kipande kimoja kimoja ujiulize: hiki kilitoka kiwandani pamoja na hii saa, ni spea halali iliyowekwa baadaye, au kuna mtu kakichonga chobingo?

Ntatumia Seiko 5 kama mfano mkuu, kwanza kwa sababu ndo saa ninayoiona ikitoka kwenye makabati ya wazee kuliko nyingine, pili Wajapani walikuwa waungwana, waliandika namba karibu kila mahali kwa hiyo saa yenyewe inajieleza. Omega na Rolex tutazigusa mbele huko.

Kabla ya yote: weka kitambaa chini

Usiisafishe. Najua imejaa nongo na jasho la mzee na mkono unakuwasha kuchukua dawa ya meno na mswaki, acha kwanza. Huo uchafu, kutu kidogo, rangi iliyofifia, vyote ni ushahidi, ukishaufuta haurudi. Usiitie majini kujaribu eti imeandikwa haiingii maji, mpira wa kuzuia maji wa miaka ya 70 umeshakauka zamani. Na usimpe fundi aipige polishi, hata kama anakwambia ni bure, hasa kama anakwambia ni bure.

Piga picha mchana dirishani: mbele, nyuma, pembeni zote mbili, mkanda na kibano chake kwa ndani. Alafu tafuta vitu vinavyoendana nayo, boksi, risiti, kadi ya garantii, na muhimu kuliko vyote picha za zamani ambazo mzee kaivaa. Picha ya harusi au ya Idi ya mwaka 1980, ukiizuum mkononi, inaweza kukuonyesha kama uso ulikuwa mweupe na leo ni wa bluu, hiyo ni kesi imeisha bila kufungua chochote.

Ongea na watu pia. "Shikamoo shangazi, ile saa ya babu aliinunua wapi, au aliletewa?" Uliza kama iliwahi kuzimika, nani aliitengeneza, kama kuna kaka mtu aliwahi kuivaa miaka miwili akairudisha. Ila usiulize "ni ya mwaka gani" ukaamini jibu, mwaka tutaupata kwenye chuma.

Geuza saa, soma mgongo

Seiko ya zamani nyuma ina makundi mawili ya namba. La kwanza lina mstari katikati, mfano 6119-8083. Zile nne za mwanzo ni aina ya mashine, mafundi wanaita kaliba, zile nne za mwisho ni aina ya bodi. Kundi la pili ni namba ya mfululizo, kwa zile za miaka ya 70 na 80 zinakuwa tarakimu sita.

Sasa tuchukue namba 290451. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Kwa hiyo 2 ni mwaka unaoishia na 2, na 9 ni Septemba. Oktoba wanaandika O au 0, Novemba N, Desemba D. Lakini mwaka upi, 1962, 1972 au 1982? Hapo ndo unarudi kwenye kaliba. Mashine ya 6119 ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo 1962 haiwezekani, na kufika 1982 walishahamia mashine nyingine, kwa hiyo jibu ni Septemba 1972. Ukiwa na 7009 inakuwa ngumu kidogo maana hiyo ilianza miaka ya 70 ikadumu muda mrefu sana, namba inayoanza na 8 inaweza kuwa 1978 au 1988, na hapo sasa ndo ile picha ya harusi na maneno ya shangazi vinapata kazi.

Hii hesabu tu inaua hadithi nyingi. Kama familia nzima inasema babu aliinunua mwaka wa uhuru, 1961, na nyuma imeandikwa Seiko 5, basi kuna mtu kachanganya saa mbili, maana Seiko 5 yenyewe ilitoka 1963. Si lazima kuna aliyedanganya. Babu huenda alikuwa na saa nyingine kabla ya hii.

Angalia na maneno ya maji. Seiko za miaka ya 60 ziliandikwa WATERPROOF au WATER PROOF, mwanzoni mwa miaka ya 70 wakabadili ikawa WATER RESIST. Ukikuta mgongo unasema 1976 na usoni kumeandikwa PROOF, kimojawapo ni mgeni.

Na kama namba nyuma hazisomeki? Kwetu pwani hiyo ni kawaida, jasho na hewa ya chumvi vinakula chuma. Chukua tochi ilalie pembeni, mwanga ukipita kwa ubavu namba zilizofutika zinatoa kivuli. Zikigoma kabisa usizichonge upya.

Uso ndo penye uongo mwingi

Hapa kaa muda mrefu. Kamera ya simu yenye makro inatosha, lenzi ya fundi ni bora zaidi.

Anzia chini kabisa, kwenye namba 6, ukingoni karibu na chuma. Kuna maandishi madogo kama kichwa cha sisimizi, yanaanza na JAPAN yanafuatiwa na namba. Zile nne za kwanza zinatakiwa zifanane na kaliba ya mgongoni, yaani mgongo ukisema 6119 na uso useme 6119. Nusu ya pili inaweza kutofautiana kidogo na ile ya bodi, hiyo haina shida. Lakini uso unaosema 7009 kwenye bodi ya 6119, hizo ni saa mbili zimeozeshwa. Na kama hayo maandishi hayapo kabisa, au yapo ila yamevimba hayasomeki, uso umepakwa upya.

Dalili nyingine za kupakwa upya ni hizi. Herufi nene zenye kingo za kuvuja. Mstari wa dakika usioangukia katikati ya kijiti cha saa, kijiti cha saa tatu kimesimama huku na alama ya dakika ya 15 iko huku. Rangi iliyomwagikia ndani ya dirisha la tarehe, kwenye uso wa kiwandani ile kingo imekatwa safi kabisa. Neno AUTOMATIC limepinda. Ile ngao ndogo yenye 5 kwenye Seiko 5 za enzi hizo kwa kawaida ni kipande cha chuma kilichopachikwa, ukiona imechorwa tu kwa wino, shtuka.

Ukiona Seiko 5 ya miaka ya 70 yenye uso wa chungwa unaowaka au kijani cha karatasi ya pipi, mpyaaa, huku bodi imechakaa, hizo wakusanyaji wa saa duniani kote wanazijua kama za Mumbai. Kuna karakana India zinachukua mashine halisi za zamani, zinapaka uso rangi mpya na kuziuza. Si feki kwa maana ya kwamba mashine ni ya Seiko kweli, ila huo uso Seiko hawaujui. Kama mzee aliinunua hivyo miaka ya karibuni kwa sababu aliipenda, sawa, lakini usiiuze kwa bei ya orijino.

Kitu kimoja watu wanakiruka: siku za wiki. Hizi saa zina lugha mbili kwenye gurudumu la siku, Kiingereza na nyingine. Kama nyingine ni Kiarabu, saa ilitengenezwa kwa soko la Uarabuni, na hiyo inaendana vizuri na mzee aliyekwenda Hija au aliyekuwa na ndugu Muscat au Dubai. Kama ni herufi za Kijapani basi kwa kawaida ilikusudiwa kuuzwa Japani kwenyewe, na hapo uliza ilifikaje, labda ni mtumba, labda gurudumu limebadilishwa.

Jaribu tabia yake bila kufungua

Hii napenda kuliko zote maana haihitaji kifaa, na tapeli wengi hawaijui.

Tarehe kwanza. Usijaribu kubadili tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 ya usiku na 4 ya alfajiri, meno ya gurudumu yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Sogeza mishale mpaka kama saa sita mchana ndo ujaribu. Kwenye 6119 tarehe na siku zinabadilika kwa kubonyeza kile kifundo cha kutegea, kubonyeza kidogo kunahamisha kimoja, kubonyeza mpaka mwisho kunahamisha kingine. Kwenye 7009 na 6309 unavuta kifundo hatua moja unazungusha. Sasa kama mgongo unasema 6119 na tarehe inabadilika kwa kuvuta na kuzungusha, mashine iliyomo ndani sio 6119, nyumba imepangishwa kwa mtu mwingine.

Pili, 6119, 7009, 6309 na hata 7S26 iliyokuja 1996 hazijazwi kwa mkono. Ukizungusha kifundo bila kuvuta hakuna kinachojazwa, saa inajijaza kwa kutikiswa. Na ukivuta kifundo mpaka mwisho mshale wa sekunde unaendelea kutembea, hausimami. Kwa hiyo bodi ya 7009 ambayo ukizungusha kifundo unasikia inajaa, na ukivuta sekunde zinasimama, kuna uwezekano mkubwa fundi kaweka NH36 humo, mashine nzuri tu ya Seiko ila ya kisasa.

Tatu, sekunde. Mashine hizi zinapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kwa sekunde. Rekodi video ya slomo kwa simu uhesabu vijihatua vya mshale ndani ya sekunde moja. Sita, safi. Ukiona mshale unaruka mara moja kila sekunde na usoni kumeandikwa AUTOMATIC, ndani kuna betri, na hapo kiukweli hakuna cha kujadili.

Mishale na ile rangi ya kung'aa gizani

Kanuni yangu ni moja, vitu viwe vimezeeka pamoja. Uso wenye madoa ya kahawia na mishale inayometa kama jana, mishale imebadilishwa. Vidoti vya uso vimekuwa rangi ya maziwa ya zamani na vya mishale ni vyeupe au kijani, vivyo hivyo. Angalia urefu pia, mshale wa dakika unatakiwa ufike kwenye alama za dakika au uziguse kabisa, ukiishia njiani umetoka kwenye saa nyingine.

Chukua ile tochi ya zambarau wanayotumia kukagulia noti feki, imulike uso gizani alafu izime. Rangi ya zamani inaweza kuitika kidogo ukiwa unamulika na kufa mara tu ukizima, au isiitike kabisa. Rangi ya kisasa inabaki inawaka dakika na dakika. Saa ya 1972 inayowaka usiku kucha imepakwa upya, nukta.

Ila hapa nina onyo. Saa za Uswisi na za Ulaya za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu. Mwanga wake umekufa lakini mionzi haijaenda popote, radiamu inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Kuivaa sio ishu kubwa kama kufungua na kukwangua, ule unga ukiingia mdomoni au puani ndo balaa. Usifungue nyumbani, usipulize, na usimpe mtoto achezee. Baadaye Waswisi walihamia tritiamu na wakaandika T SWISS T chini ya uso, ukikuta maandishi hayo na saa inaambiwa ni ya 1950, mojawapo sio kweli.

Sasa twende kwa fundi

Chagua fundi saa, sio yule wa simu aliyeongeza na saa. Na usimwachie, kaa pale kwenye kiti chake cha plastiki ushuhudie mfuniko unavyofunguka, tena mwambie mapema: "Fundi, naomba ufungue tu tuangalie, hakuna kusafisha wala kubadili kitu leo." Wengi hawana shida ukiwapa chao.

Kwanza piga picha ndani ya mfuniko. Mafundi wa zamani walikuwa na tabia ya kukwaruza alama ndogo humo kila wakihudumia saa, tarehe, herufi za jina, vinamba visivyoeleweka. Ukikuta alama nne tano ujue saa imefunguliwa mara nyingi, na kila kufunguliwa ni nafasi ya spea kubadilishwa. Kwa saa ya kurithi mimi hizo alama nazifurahia kuliko mfuniko mtupu.

Alafu mashine yenyewe. Kile kipande kikubwa kinachozunguka juu, rota, kinatakiwa kiwe na jina la SEIKO, idadi ya vito (vijiwe vidogo ambavyo magurudumu ya mashine huzungukia) na kaliba. 6119 ina vito 21, 7009 ina 17. Ukikuta rota inasema 21 na chini yake kaliba nyingine, rota imeazimwa, hiyo ni ya kawaida sana kwenye Seiko maana zinaingiliana. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechubuka chubuka kuna mtu alitumia bisibisi isiyo saizi. Angalia kama mashine imekaa wima kwenye pete yake au inacheza, ikicheza na kuna kikaratasi kimekunjwa pembeni kuijazia, haikuzaliwa humo. Na usishangae rota ikijaza saa kwa kuzunguka pande zote mbili, huo ndo ufundi wao Seiko wa tangu 1959.

Kabla ya kufunga angalia bodi. Kona za kiwandani ni kali na mistari yake iko wazi, bodi iliyopigwa polishi sana inakuwa imelainika kama sabuni iliyotumika, masikio yanayoshika mkanda yamekonda na maandishi ya mgongo yamepungua kina.

Mkanda sina mengi. Soma kibano kwa ndani kama kina SEIKO, basi. Mikanda ilikatika na watu wakaweka mingine, ni jambo la kawaida, ila ule wa zamani kama upo kwenye droo hata umekatika usiutupe.

Kama ni Omega, Rolex, au inadaiwa ni dhahabu

Omega ya miaka ya 60 namba ya mfululizo iko kwenye mashine, na namba ya bodi iko ndani ya mfuniko, kwa hiyo bila kufungua hujui kitu. Mashine yake ina rangi ya shaba nyekundu na kaliba imeandikwa palepale, mfano 565 yenye vito 24. Kwenye ule mfumo wa miaka ya 60 bodi inayoanza na 166 ni ya otomatiki yenye tarehe na 165 ni ya otomatiki isiyo na tarehe, kwa hiyo 166 isiyo na dirisha la tarehe ina maelezo ya kutoa. Kama kioo bado ni cha plastiki cha kiwandani kuna nembo ndogo mno ya Omega katikati yake, inaonekana ukiilaza saa kwenye mwanga, na hapa polishi ya kijinga ndo inapoifuta.

Rolex ya zamani toa mkanda, namba ya modeli iko kati ya masikio upande wa saa 12 na ya mfululizo upande wa saa 6. Mfuniko wa nyuma kwa nje karibu zote ni mtupu na sio wa kioo, ukiona mashine inaonekana kwa nyuma funga mjadala. Waswahili wenye ndugu Oman mnaweza kukutana na yenye jambia la kisultani usoni, Sultan Qaboos alikuwa akizitoa zawadi. Hizo zina thamani kubwa mno na kwa sababu hiyohiyo kuna watu wanachapa majambia kwenye Rolex za kawaida, kwa hiyo hiyo usiipeleke kwa fundi wa kona, itafutie mtaalamu wa mnada na uwe na stori ya familia yenye karatasi.

Dhahabu: dhahabu ya kweli ya Uswisi ina muhuri wa 18K au 0.750 na kichwa cha mwanamke, au 14K, 0.585, na kindi, na tangu 1995 ni kichwa cha mbwa. Ukisoma 20 MICRONS au PLAQUÉ, au kwenye Seiko herufi SGP, ni dhahabu ya kuchovya tu. Angalia nchani mwa masikio ndipo inapoanza kuisha.

Andika ulichokipata

Chukua daftari uandike kipande kwa kipande: mashine, uso, mishale, bodi, mfuniko, kioo, kifundo, mkanda. Mbele ya kila kimoja weka moja kati ya maneno matatu, "ya kuzaliwa", "spea halali" au "sio yake", na kama huna uhakika acha wazi. Kwa mfano wetu wa 1972 inaweza kutoka hivi: mashine 6119 ya kuzaliwa, uso wa kuzaliwa una madoa, mishale sio yake, kioo spea, mkanda sio wake. Hiyo kwangu ni saa nzuri kabisa, na ukitaka kuiuza andika hivyohivyo kwenye tangazo na picha za ndani uweke, mnunuzi anayejua atakulipa vizuri kuliko ungeandika "orijino 100%" maana hilo neno kila mtu analiandika.

Kama unaibakiza, ipeleke ikaoshwe mashine na kuwekwa mafuta, na umwambie fundi mambo matatu: uso usiguswe, bodi isipigwe polishi, na spea yoyote itakayotoka airudishe kwenye kimfuko. Ile mishale ya kale iliyotolewa ikikaa pamoja na saa, mtu wa baadaye akipata uso wake anajua pa kuanzia.